Beseni sifuri: kisa cha swali la wastani na namba ya kati

Swali nililitunga mwenyewe, jioni moja hapa Kadutu, mjini Bukavu, umeme umeshakatika na taa ya sola iko juu ya meza. Mwanafunzi wangu ni dada anayeweka hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, na alikuwa anajiandaa kwa GMAT, mtihani ambao vyuo vingi vya biashara vya nje huuangalia kabla ya kukupokea. Kupiga hesabu ananishinda. Shida yake ilikuwa maswali ya utoshelevu wa data, kwa sababu hayo hayakuombi upige hesabu. Yanakuuliza kama ulichopewa kinatosha kukufikisha kwenye jibu. Ukishajua kwamba kinatosha, unaendelea na swali linalofuata, jibu lenyewe unaliacha hapo hapo. Kwa mtu aliyezoea kufunga mahesabu ya mwezi hadi franka ya mwisho, hiyo ni kama kumwambia apike na asionje.

Kwa asiyewahi kuyaona: kuna swali moja, na chini yake kauli mbili. A maana yake kauli ya kwanza peke yake inatosha na ya pili peke yake haitoshi. B ni kinyume cha hapo. C, hakuna inayotosha peke yake, ila zikiwa pamoja zinatosha. D, kila moja inatosha peke yake. E, hata ukiziunganisha bado haitoshi. Tangu mtihani ubadilishwe mwishoni mwa 2023, maswali haya yameondolewa upande wa hesabu tupu na kuwekwa pamoja na majedwali na michoro, maswali 20 kwa dakika 45, na kikokotoo cha kwenye skrini kinaruhusiwa. Kikokotoo hicho mbele ya swali la aina hii ni mwiko wa bugali mkononi mwa seremala.

Swali lilikuwa hili.

Mama mmoja huchukua sambaza, wale samaki wadogo, ziwani kwa mabeseni mazima. Kwa siku tano mfululizo aliandika kwenye daftari idadi ya mabeseni aliyopata kila siku. Je, wastani wa siku hizo tano ni mkubwa kuliko namba ya kati?

(1) Namba ya kati ni 6, na siku iliyozidi zote alipata mabeseni 18.

(2) Jumla ya siku zote tano ni mabeseni 40.

Namba hizi sikuziokota hewani. Mama mdogo wa yule dada anauza sambaza, na daftari lake lilikuwa pale pale mezani. Wiki niliyoichukua ilikuwa 10, 4, 18, 2, 6. Ukizipanga kutoka ndogo kwenda kubwa unapata 2, 4, 6, 10, 18, na ile iliyokaa katikati ni 6. Shuleni, kwa kuwa hesabu tulifundishwa kwa Kifaransa, tulizoea kuiita mediani. Mezani kwetu tunasema namba ya kati, na inaeleweka bila kumtisha mtu.

Dada alisoma mara mbili, akaandika mistari minne, akasema: "C, Mwalimu."

Nikamwomba anieleze njia aliyopita. "Kauli ya kwanza inanipa namba mbili kati ya tano. Tatu sizijui, wastani nitautoa wapi? Ya pili inanipa wastani, 40 kwa 5 ni 8, lakini namba ya kati siijui. Nikiziweka pamoja ninakuwa na 8 na 6. Nane inazidi. C."

Kwenye kauli ya pili hakuwa na kosa. Jumla ya 40 inaweza kutoka kwenye 6, 7, 8, 9, 10, ambako wastani na namba ya kati vyote ni 8, kwa hiyo wastani hauzidi. Inaweza pia kutoka kwenye wiki ile ile ya daftari, 2, 4, 6, 10, 18, ambako wastani unazidi. Orodha mbili zote zinaitii kauli, na zinatoa majibu mawili tofauti. Haitoshi, tumemalizana nayo.

Kilichonikera ni alivyoiacha kauli ya kwanza haraka. Swali halikumwuliza wastani ni ngapi. Liliuliza kama wastani unazidi. Mtu anaweza kujua kwamba jirani yake ni mrefu kuliko mlango bila kumpima kwa mita, anatazama tu kama anainama akiingia. Yeye alitafuta mita, akaikosa, akasema haiwezekani. Halafu kauli ya pili ikaja na kile hasa alichokuwa anakitafuta, zikakaa pamoja kama chungu na kifuniko chake. Watunzi wa maswali haya wanajua kabisa kwamba mtu akiona kifuniko kinafunika atashika C na kwenda zake. Kila C inayokuja kirahisi hivyo ninaitilia shaka, nami nilikuwa nimeitega makusudi.

Basi nikamwonyesha njia yangu. Nikamwambia: achana na kutafuta wastani, jaribu kuubomoa. Chukua 6 iwe mahali pa kusawazisha mizani. Kila siku iliyopita 6 ina ziada, kila siku iliyo chini ya 6 ina deni. Ziada zikizidi madeni, wastani uko juu ya 6. Madeni yakizidi, uko chini. Zikilingana, wastani ni 6 kamili. Sasa tazama kauli ya kwanza inasema nini kwa lugha hiyo. Siku ya 18 ina ziada ya 12. Siku ya katikati haina kitu, si ziada wala deni. Siku ya nne, ile iliyo kati ya 6 na 18, haiwezi kuwa na deni, ikijitahidi sana kuwa ndogo itakuwa 6 yenyewe. Wanaobaki kudaiwa ni wawili wa chini tu. Na kila mmoja wao, akishuka kabisa, anashuka hadi beseni 1, maana yake deni la 5. Wawili, deni la 10. Kwenye 12 bado inabaki ziada ya 2. Hiyo ndiyo orodha mbaya kuliko zote: 1, 1, 6, 6, 18. Jumla 32, wastani 6.4. Kama orodha mbaya kuliko zote imeshindwa kuushusha wastani hadi 6, hakuna nyingine itakayoweza. Kauli ya kwanza peke yake inatosha. Jibu ni A.

Nilipigia A mstari mara mbili, nakiri. Dada akatikisa kichwa taratibu, kwa namna ya mtu aliyeelewa na anajilaumu kidogo.

Mama yake mdogo alikuwa nyuma yetu muda wote akichambua maharagwe, na nilidhani hasikilizi. Akauliza: "Mwalimu, samahani. Hiyo beseni moja kila siku, nani amekuahidi?"

Sikumwelewa. Akafuta mikono, akavuta daftari, akafunua kurasa mbili nyuma na kuweka kidole. Siku mbili mfululizo: 0, 0. Zimeandikwa vizuri kabisa, hazikurukwa. Mpwa wake ndiye aliyemfundisha kwamba siku isiyo na mzigo nayo ni siku, iandikwe sifuri, la sivyo hesabu za mwezi zitamdanganya.

"Mwezi mpevu," akasema, kama anamweleza mtoto.

Nami ni mtoto wa Bukavu, nilipaswa kujua. Sambaza wa Kivu, ambao hawakuwa wa ziwa hili hapo zamani bali waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu hushushwa chini, taa huwashwa juu ya maji, samaki hukusanyika kwenye mwanga, wavu unainuliwa. Kazi yote inategemea giza. Mwezi ukijaa, ziwa zima lina mwanga, taa haina tena cha kumwitia samaki, naye hana sababu ya kusogea. Usiku kama huo wavuvi wengi hawaingii hata majini. Asubuhi mama anashuka ufukweni na kurudi na beseni tupu kichwani.

Dada alikuwa ameshaanza kuandika kabla sijasema neno: 0, 0, 6, 6, 18. Namba ya kati ni 6. Kubwa kuliko zote ni 18. Kauli ya kwanza imetiiwa yote. Jumla ni 30, wastani ni 6. Sita haizidi sita. Wawili wa chini sasa wanadaiwa 6 kila mmoja, jumla 12, na 12 ndiyo ziada yote iliyokuwepo. Mizani imekaa sawa kabisa. Kwa orodha hii jibu ni hapana, kwa orodha ya wiki ile jibu ni ndiyo. Kauli ya kwanza haitoshi. Ukiongeza ya pili, wastani unakuwa 8 na namba ya kati 6, mjadala unaisha. Jibu la swali nililoliandika mimi mwenyewe ni C.

Akacheka. Alikuwa na haki ya kucheka.

Kwa hiyo nani alikosea? Nimelifikiria hilo kuliko nilivyofikiria maswali mengi ya kwenye vitabu vya mazoezi, na sioni kama lina jibu la neno moja.

Mimi nilipita njia sahihi juu ya sakafu isiyokuwepo. Kutafuta orodha mbaya kuliko zote ndiyo kazi yenyewe ya maswali haya, hapo sirudi nyuma. Lakini orodha mbaya kuliko zote inaishi ndani ya mipaka, na mipaka haiwekwi na kauli (1) wala (2). Inawekwa na sentensi ya juu, ile ambayo kila mtu anaipita mbio kwa sababu inaonekana ni hadithi tu. Niliandika "idadi ya mabeseni aliyopata kila siku". Kichwani mwangu ilikuwa "aliyonunua", na kununua ninakusikia kama angalau moja. Kwenye karatasi hapakuwa na moja. Watunzi wa mtihani wenyewe wako makini sana hapa: wakitaka kufunga mlango wa sifuri watasema namba nzima chanya, na chanya inaanzia 1. Wakisema namba zisizo hasi, sifuri iko ndani. Wakisema idadi tu, ya watu, ya magari, ya mabeseni, ni juu yako kujiuliza kama idadi hiyo inaweza kuwa sifuri. Mimi mtunzi sikujiuliza.

Dada naye alifika mahali sahihi bila njia. Nilimpa jaribio dogo papo hapo: badilisha 18 iwe 25, acha mengine yote kama yalivyo, sifuri ikiruhusiwa. Kwa hoja yake ya kwanza, bado namba tatu hazijulikani, bado wastani hautoki, bado angesema C. Lakini 0, 0, 6, 6, 25 inatoa jumla ya 37 na wastani wa 7.4. Ziada ya 19 dhidi ya deni lisiloweza kupita 12. Kauli ya kwanza inatosha, jibu ni A, naye angekosa. Alikubali bila ubishi, na hilo linanifanya niseme kwamba jioni ile alijifunza zaidi kutoka kwenye 25 kuliko kutoka kwenye kosa langu. Hata hivyo nisijipendelee. Skrini ya mtihani haisomi hoja. Kwa swali lile, alama angepata yeye, mimi ningekosa.

Halafu akaja na jambo ambalo sikulitarajia. "Na kama angechukua nusu beseni? Robo?"

Nilidhani ameshika uzi mwingine wa kulibomoa swali. Watu wengi wanaofundisha maswali haya husema: angalia sifuri, angalia hasi, angalia sehemu. Kwa hiyo nikajaribu. Tuseme kila siku alipata kitu, hata robo, hata kiganja, mradi si sifuri. Wawili wa chini sasa wanaweza kushuka karibu na sifuri kadiri wapendavyo, lakini hawafiki. Deni lao linakaribia 12, halifiki 12. Ziada ni 12. Kwa hiyo siku zote kinabaki kitu, hata kiwe kidogo kama sambaza mmoja aliyenasa kwenye kona ya beseni, na wastani siku zote unazidi 6. Kauli ya kwanza inatosha, jibu A. Nusu na robo hazikuvunja kitu. Kinachovunja ni sifuri yenyewe, peke yake.

Lakini hiyo ni kwa sababu ya 18. Shusha hadi 17 uone. Kwa mabeseni mazima, angalau moja kila siku, orodha mbaya ni 1, 1, 6, 6, 17: jumla 31, wastani 6.2, bado inatosha. Ukiruhusu robo, unaandika robo, robo, 6, 6, 17, jumla 29.5, wastani 5.9, na kauli imeanguka. Shusha hadi 16 na hata mabeseni mazima yanaanguka: 1, 1, 6, 6, 16 ni 30, wastani 6. Kumi na nane ni mara tatu ya namba ya kati, na kwa siku tano hapo ndipo mpaka ulipo kama sifuri inaruhusiwa. Nilikuwa nimekaa juu ya mpaka bila kujua. Wiki iliyotangulia kwenye daftari ilikuwa na siku ya mabeseni 21. Ningeichukua hiyo, mama angeniuliza swali lile lile la beseni moja, ningemwonyesha kwamba sifuri haibadilishi jibu, na ningelala nikijiona mwerevu.

Kuna kitu kingine orodha ile ya 0, 0, 6, 6, 18 ilitufanyia. Kwenye kaye, yaani daftari, ya mazoezi, dada alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Wastani ukilingana na namba ya kati, namba zimepangwa kwa nafasi sawa." Nimeiona sentensi hiyo kwa wanafunzi zaidi ya mmoja. Kwenda mbele ni kweli: namba zikipishana kwa nafasi sawa, kama 2, 4, 6, 8, 10, wastani na namba ya kati vinalingana. Wao wameigeuza nyuma mbele. Tulikuwa na orodha mbele yetu ambayo wastani ni 6, namba ya kati ni 6, na hakuna macho yanayoweza kuiita imepangwa vizuri. Mbili zimelala chini, mbili zimeshikana, moja imeruka peke yake. Akaikata ile sentensi kwa mstari mwenyewe, sikumwambia. Kwenye mtihani, kosa hilo huja likiwa limevaa kauli kama "wastani wa namba hizi tano ni sawa na namba ya kati", na mtu anaanza kuhesabu ya kwanza na ya mwisho kana kwamba amepewa ngazi.

Mama alitaka kujua jambo lake. Anaingia likelemba, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, ya wanawake wanane wa sokoni na ameulizwa anauza mabeseni mangapi kwa siku, ili wajue atachangia kiasi gani. Aseme 8 au 6? Nikamwonyesha wiki ile: wastani ni 8, lakini siku tatu kati ya tano alikuwa chini ya 8. Siku ya 18 ndiyo iliyoubeba wastani. Akasema, "Basi nitasema sita, na mwezi mpevu nitaomba wanisubiri." Hilo halimo kwenye mtihani wowote.

Swali nimelirekebisha. Sasa sentensi ya juu inasema: "kila siku alipata angalau beseni moja." Maneno sita, na jibu limehama kutoka C kwenda A.

Kesho yake saa sita mchana dada akanitumia ujumbe kwa WhatsApp. "Mwalimu, siku sita badala ya tano. Angalau beseni moja kila siku. Namba ya kati 6, kubwa kuliko zote 18. Kauli hiyo inatosha?"

Siku zikiwa sita hakuna ya katikati, kuna mbili, na namba ya kati ni nusu ya jumla yao. Inaweza hata isiwe kwenye orodha: 5 na 7 zinatoa 6. Lakini deni la 5 na ziada ya 7 vinafutana, na ndivyo itakavyokuwa kwa jozi yoyote utakayoweka pale. Siku ya tano haiwezi kuwa chini ya ile ya juu ya katikati, kwa hiyo haina deni. Wanaodaiwa ni wawili wale wale, deni la 10, na ziada ya 12 ipo pale pale. Nikamwandikia: inatosha.

"Na saba?"

Nilishaandika "inatosha" tena, kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma. Halafu nikahesabu walio chini ya katikati. Wakati huu ni watatu. Deni la 5 mara tatu ni 15, na ziada ya uhakika ni ile ile 12. Moja, moja, moja, sita, sita, sita, kumi na nane: jumla 39 kwa siku saba, wastani haufiki hata 6. Na 5, 5, 5, 6, 6, 6, 18 inatoa 51, wastani unapita 7. Nikafuta, nikaandika: haitoshi.

Akajibu: "Aksanti, Mwalimu. Nilikuwa naangalia kama leo utahesabu kwanza."